Hakuna Nafasi: shajara ya mchezo wetu wa Krismasi, Kisumu

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumekubaliana. Mwaka huu hatuchezi tena ule mchezo wa malaika wa mabawa ya katoni na watoto waliofungwa shuka. Tunaigiza kuzaliwa kwa Yesu kama jambo lililotokea hapa Kisumu, Desemba hii hii, na mchezo tumeuita Hakuna Nafasi. Tuko watu 14. Lugha ni Kiswahili, wala si kwa kujitia usomi: kati yetu mna Wajaluo, Waluhya, Mkisii mmoja na Mnubi mmoja wa Kaloleni, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha hata tukigombana. Anayetaka kulia kwa lugha ya mamake jukwaani, ruhusa anayo.

Humu nitawaita waigizaji kwa majina ya wahusika wao. Wameomba wenyewe. Mmoja ana bosi anayeamini kwamba kila Jumamosi mchana kijana wake huwa ameenda kumwona mgonjwa.

Kugawa nafasi kulikula saa mbili. Wanaume wote walitaka Herode, maana Herode hukaa kwenye kiti akafoka. Akapewa makanga wa matatu za Kondele ambaye hajawahi kuhitaji spika. Mariamu ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Yusufu ni fundi wa kuchomelea vyuma huko jua kali, mtu wa mikono mingi na maneno machache. Mwenye lodging hakupata mtu. Mistari yake ni mitatu: "Nani?", "Hakuna nafasi", "Jaribuni pale mbele". Tukamwekea msimamizi wa ploti moja ya Manyatta, aliyechelewa kwa sababu bomba la maji lilipasuka kwake. Hakuwepo, kwa hiyo hakuweza kukataa.

Mchango ni shilingi 500 kila mtu, jumla 7,000. Tunahitaji kama mara tano ya hizo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya kusoma mswada. Nilikuwa nimeuandika kwa kumbukumbu za Krismasi za utotoni, na hapo ndipo nilipojikwaa. Msimulizi wetu ni katekista, na hakubali mtu atunge Biblia yeye akiwepo. Akatushikisha Mathayo 1 na 2, kisha Luka 1 na 2, polepole, kila mtu na kidole chake kwenye mstari.

Mambo tuliyoyatafuta tukayakosa: punda hayupo. Mamajusi hawahesabiwi popote, watatu ni hesabu ya zawadi. Mwenye lodging hayupo pia. Kuna kipande kimoja cha sentensi kinachosema nafasi haikupatikana, basi. Hakuna anayefungua mlango wala anayeufunga. Na Yusufu, toka mwanzo hadi mwisho wa habari zake, hasemi neno hata moja. Anaota, anaamka, anafanya.

Yusufu wetu akafunga Biblia taratibu. "Sasa Mwalimu, mimi ulinichagulia nini hapa?"

"Afadhali wewe, upo ila huongei," msimamizi wa ploti akamwambia. "Mimi sipo kabisa."

Herode naye alinuna alipoona kwamba kisa chake kimo kwa Mathayo peke yake. Luka anamtaja kwa ajili ya kuhesabu zama tu.

Kijana mmoja, mchungaji wa kondoo wa pili, akauliza kwa nini watu wasafiri ili wahesabiwe. Sisi mwaka 2019, usiku wa tarehe 24 Agosti, makarani walitufuata pale pale tulipolala. Katekista akamweleza kwamba amri ya Kaisari ilimpeleka kila mtu mji wa kwao, na kwao Yusufu ni Bethlehemu, mji wa Daudi.

"Yaani walienda ushago," akasema kijana.

Nimeliandika hilo pembeni ya mswada kwa kalamu nyekundu. Bado sijui ni la nini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Chumba tunachofanyia mazoezi kina paa la bati bila dari, na mvua ya Kisumu ikishuka huwezi kujisikia hata ukikohoa. Tukafanya saa nzima ya miili bila sauti. Aliyetuzidi sote ni Yusufu.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nitaandika kwa urefu, maana leo mchezo umegeuka.

Katekista alikuja na karatasi alizotoa fotokopi. Kwenye Luka 2, pale Biblia yetu inaposema "nyumba ya wageni", neno la Kigiriki ni kataluma. Neno hilo hilo Luka analirudia katika sura ya 22, Yesu anapotafuta mahali pa kula Pasaka, na huko sisi tumelitafsiri "chumba cha wageni". Na katika hadithi ya Msamaria, ambako mna lodging ya kulipia kweli, Luka anatumia neno jingine kabisa, pandokheion. Ndiyo maana wapo wasomi wanaosema kwamba hapakuwa na lodging yoyote Bethlehemu. Palikuwa na nyumba ya watu, pengine ya jamaa zake Yusufu, na chumba cha wageni kilikuwa kimeshajaa.

Tulinyamaza kidogo. Aliyevunja kimya ni Dani. Ana miaka 67, amezalisha akina mama wengi kabla na baada ya kujiunga na wahudumu wa afya wa kijijini, na sote tunamwita Dani, bibi, kama anavyoitwa mtaani. Mpaka leo nafasi yake katika mchezo ilikuwa kushona maleba.

"Kama ni kwao," akasema, "basi tusisumbuane na nafasi. Huyu kijana ana simba?"

Msomaji asiye wa huku: katika boma la Kijaluo, kijana akishabaleghe halali tena nyumbani mwa mamake. Anajengewa au anajijengea simba, kijumba chake karibu na lango. Na mwanamume mzima akija na mke wake, hawezi kulala naye chini ya paa la wazazi. Hiyo si adabu ya kuchagua. Ni jambo linaloogopwa.

Wajaluo wote chumbani walimgeukia Yusufu. Nadhani walimgeukia Yusufu wa Biblia, lakini aliyekuwa mbele yao ni huyu wetu, na kwenye mkono wake wa kulia ana alama ndogo ndogo za cheche za kuchomelea. Alikuwa akizikuna moja baada ya nyingine.

"Mimi sijaenda nyumbani Krismasi nne," akasema. "Watu wanadhani ni nauli. Nauli ninayo. Nikifika nitalala wapi na mke? Simba yangu ilianguka mvua za mwaka wa kwanza wa korona. Kila mwaka nasema nitaweka mabati kwanza ndipo nimpeleke. Kwa hiyo tunabaki hapa, tunapika kuku wetu, nampigia mama simu namwambia kazi ni nyingi."

Toka Oktoba hajawahi kutamka sentensi zaidi ya mbili kwa mpigo. Hakuna aliyemjibu. Dani alimsogezea sahani ya mandazi.

Lodging tumeifuta. Mlango sasa ni wa Baba Mdogo, ndugu ya babake Yusufu, na msimamizi wa ploti ndiye Baba Mdogo. Nikampa mistari yake ile ile mitatu, akaikataa hapo hapo.

"Mwalimu, hii ni ya mpangaji," akasema. Akaenda kwenye mlango wa stoo, akatuonyesha. Mguu wa kushoto nyuma ya mlango. Bega kwenye fremu. Mkono mmoja haubanduki kwenye komeo. Macho hayamtazami mtu, yanatazama juu ya kichwa chake, kana kwamba kuna mwingine anayekuja nyuma. "Ukimwangalia machoni umeshamfungulia. Na usiseme pole. Ukisema pole ataanza kukuhadithia."

Kisha akauacha mlango, akavuta kiti. "Lakini mtoto wa ndugu yako humfanyii hivyo. Huyu unamkaribisha. Unamwita mama watoto, unaagiza chai. Unauliza barabara ilikuwaje, matatu zinatoza ngapi. Unamsifu mke wake. Chai ikianza kupoa ndipo unataja kwamba watoto wamefunga shule, na shangazi yenu alifika jana na mizigo, na yule wa Mombasa yuko njiani. Humwambii hakuna nafasi, hata! Unamwachia. Yeye mwenyewe ndiye atakayesimama aseme, basi sisi tusonge mbele."

"Yusufu hasemi," katekista akamkumbusha.

"Basi asimame tu."

Tukajaribu. Chai ya kweli, kwenye birika. Baba Mdogo anaongea, anaongea, anacheka peke yake. Mariamu ameshikilia kiuno. Yusufu anamaliza chai, anarudisha kikombe mezani bila kukigongesha, anachukua begi. Mle chumbani hapakusikika hata kiti.

Mchezo unaitwa Hakuna Nafasi na sasa hakuna mtu hata mmoja anayeyatamka maneno hayo. Mistari mitatu imekuwa dakika saba.

Jumapili, 10 Novemba

Kibuye kununua maleba. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko, na mitumba ikifunguliwa asubuhi usipowahi unabakiwa na makoti ya theluji. Mapazia mawili ya rangi ya zambarau kwa mamajusi, 300. Gauni la Mariamu hatukununua. Amesema atashona mwenyewe, na mfuko wa mimba ataujaza mtama badala ya sponji, kwa sababu sponji haina uzito na mwanamke huuona uongo huo kutoka mwisho wa uwanja.

Dhahabu ni kopo la majani ya chai lililofungwa karatasi ya kung'aa. Ubani ni wa kweli. Majusi wetu wa Kaloleni amekuja na chetezo cha nyumbani na makaa yake. Nilidhani vitu hivi hutoka nchi za mbali za kwenye Biblia, akanicheka: utomvu wa ubani na wa manemane huvunwa pia kaskazini mwa Kenya, Wajir, Mandera, Marsabit huko. "Mamajusi wangeshukia stendi ya Isiolo," akasema.

Jumamosi, 16 Novemba

Tulifika kwenye kuzaliwa kwenyewe. Nilikuwa nimeandika hivi: taa zinazimwa, wimbo, taa zinawashwa, mtoto yuko. Dani aliweka sindano chini.

"Nani alikata kitovu?"

Hakuna aliyejua. Katekista alipekua, akasema haikuandikwa.

"Haikuandikwa kwa sababu walioandika ni wanaume. Msichana mimba ya kwanza, safari ya siku nyingi, na mume ambaye hata kuongea haongei. Anazaa peke yake? Mji mzima, wakunga wote wamekufa?"

Herode akasema labda ulikuwa muujiza. Mariamu, ambaye amezaa mara mbili na mara ya pili ilikuwa kwenye tuktuk kabla ya kufika hospitali, alimtazama kwa namna iliyomfanya ajirudi.

Hapo majusi wa Kaloleni akainua mkono. Kwao, akasema, katika sura ya 19 ya Kurani, inayoitwa kwa jina lake Bi Maryamu, ni kweli alikuwa peke yake. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, naye akatamani angekuwa ameshakufa na kusahauliwa. Sauti ikamwambia asihuzunike, maji yako chini yake, atikise shina, tende mbivu zitamwangukia, ale na anywe.

Dani alimsikiliza mpaka mwisho. "Tende na maji," akasema. "Sawasawa. Hiyo sauti ilijua kazi yake. Sisi tunampa uji."

Kwa hiyo tuna Mkunga. Ni mhusika mpya, ni Dani, na nimemwandikia mistari minne ambayo tayari ameibadilisha yote. Anaingia na kibuyu cha uji, beseni na leso mbili. Hakuna kuzima taa. Mariamu anageukia ukuta, mgongo kwa watazamaji, amekamata nguzo, na tunachokiona ni mikono ya Dani ikipanda na kushuka kwenye mgongo ule. Yusufu anachemsha maji, yanachemka kabla hayajahitajika, anachemsha mengine.

Wawili kati yetu wanaona tumevuka mpaka, kwamba Krismasi ni ya watoto. Tumepiga kura: 11 kwa 3. Mimi ni mmoja wa wale watatu waliopinga, na naandika ili ijulikane kwamba nilikosea.

Jumamosi, 30 Novemba

Ukumbi umetuponyoka. Tulilipa arbuni ya shilingi 6,000 mwezi wa kumi, tukapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, na juzi tunaambiwa tarehe 21 kuna harusi. Mwenyewe hashiki simu. Nikimpigia kwa namba ya mtu mwingine anashika, akisikia ni mimi mtandao unaharibika. Wenzetu wa Nakuru wana jumba lao la Players, Nairobi wana Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza toka 1952. Sisi huku kila Desemba tunashindania ukumbi na maharusi na matanga.

Tutacheza nje. Tumepata ua wa nyuma wa kanisa moja, pana mwembe mkubwa na ukuta mrefu unaotazama mashariki. Hakuna stima ya kutegemewa, kwa hiyo tutaanza saa kumi jioni na kumaliza kabla ya giza.

Tatizo: nyota. Utaonyeshaje nyota saa kumi na moja jua likiwaka? Mchungaji wa pili, yule yule wa ushago, ndiye aliyelitatua. Ukuta ukitazama mashariki, jioni uko kivulini. Ukipanda mwembe na kioo, jua linalotoka magharibi juu ya ukuta unalinasa, unalirudisha. Tulijaribu kwa kioo cha pikipiki: doa jeupe likatetemeka ukutani, likatulia juu ya kichwa cha Mariamu. Sote tuliguna. Kioo kikubwa atakiomba kwa kinyozi wake.

Jumamosi, 7 Desemba

Niliwaomba kila mmoja aandike nusu ukurasa juu ya mhusika wake. Tisa wameleta. Nanukuu machache, kwa idhini yao.

Mchungaji wa tatu: "Kazi yangu ni kuogopa, kisha kukimbia. Naomba kuuliza kama naogopa vizuri."

Malaika, aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita: "Kila ninapotokea nasema msiogope. Kwa Zakaria nasema, kwa Mariamu nasema, kwa wachungaji nasema. Matokeo yangu yanatoka Januari. Mimi nani ataniambia?"

Mariamu ameandika kurasa mbili. Anasema alikuwa akimchukulia Mariamu kama msichana wa kuinamisha kichwa kwenye kadi, hadi aliposoma wimbo wake katika Luka 1 akikata kitambaa. Wimbo wa wakubwa kuangushwa vitini, wenye njaa kushibishwa, matajiri kurudishwa mikono mitupu. "Huyu angekuwa mteja wangu, asingekubali nimdanganye siku ya kuchukua nguo." Sasa wimbo ule hauimbi, anausema akitembea, begi kichwani, njiani kwenda kwa Baba Mdogo. Ni bora hivyo mara kumi.

Yusufu aliniletea karatasi tupu yenye jina lake juu. Nimeipokea.

Alhamisi, 12 Desemba

Jamhuri, watu wako likizo, tumefanya mazoezi ya kutwa. Herode alikuwa bado anafoka. Nikamweleza habari za Herode wa historia: kwamba aliwekwa na Warumi, kwamba alimuua mke wake mwenyewe, Mariamne, na wana wake watatu, wa mwisho siku chache tu kabla yeye hajafa, mwaka wa 4 KK. Yesu huenda alizaliwa karibu na miaka hiyo. Yaani Herode wa Krismasi ni mzee wa kama miaka 70, mgonjwa, asiyemwamini hata mtu anayemletea maji.

"Mke aliitwa Mariamne? Kama Mariamu?"

"Ni jina moja."

Alikaa kitini muda mrefu. Kisha akawauliza mamajusi ile nyota waliiona lini, kwa sauti ndogo, ya mtu anayeuliza bei ya dawa. Nywele zilinisimama. Makanga wa Kondele, sauti ndogo! Mwenyewe anasema ilimchosha kuliko siku nzima ya kuita abiria.

Tumekubaliana pia kufanya jambo tulilolizoea. Wengi wetu tulianzia kwenye michezo ya afya, ile ya sokoni: unaigiza mpaka pale mhusika anapobanwa, unasimamisha kila kitu, unawauliza watazamaji afanye nini. Wengine ndio walionisomesha kwamba Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, alienda hatua zaidi, mtazamaji anaingia mwenyewe kucheza. Tutasimamisha mara moja tu, Yusufu anaporudisha kikombe.

Jumamosi, 14 Desemba

Majusi wa manemane ameondoka kwenda Bungoma kabla nauli hazijapanda tena. Ana watoto wanne, sikuweza kumlaumu. Tumebaki na mamajusi wawili. Biblia haikuwahesabu, na katekista hana la kusema. Manemane itabebwa na huyo wa ubani.

Jumamosi, 21 Desemba

Watu kama 180, kwa kuhesabu mabenchi, na watoto juu ya ukuta ambao hakuna aliyewahesabu. Tulianza saa kumi na dakika arobaini kwa sababu ng'ombe wa jirani aliingia uani. Tungemwacha, lakini alikuwa anakula majani ya jukwaa.

Sehemu za mwanzo zilienda. Malaika alisahau mstari mmoja, akasema "msiogope" tena, hakuna aliyegundua.

Kwa Baba Mdogo, chai ilimiminwa, mvuke ukaonekana. Watu walianza kucheka alipotaja shangazi na mizigo, kicheko cha wanaojuana. Yusufu akarudisha kikombe. Nikapiga kengele, waigizaji wakaganda, nikauliza: "Sasa hapa kosa ni la nani?"

Mama mmoja mwenye mwavuli hakungoja. "Huyo kijana amejenga?" Kicheko. Mzee wa mbele akamuunga mkono: Desemba haikuja kwa siri, mtu ajipange. Kijana wa nyuma akapinga kwa ukali, akisema kujenga kwa mshahara gani, simba haijengwi kwa maneno. Mtu akauliza kama Baba Mdogo hana sebule. Mwingine akamjibu kwamba sebule ina wale wa Mombasa. Nilitazama kando nikamwona Yusufu ameganda kama tulivyopanga, begi mkononi, ila koo lilikuwa likipanda na kushuka.

Kisha yule mama wa mwavuli akasimama. "Mwanamume alale anakojua. Msichana ana kosa gani? Msichana analala na sisi wanawake!" Akaja mpaka jukwaani, mwavuli kwapani, akamshika Mariamu mkono, akaanza kumvuta kwenda nyuma ya pazia.

Watu walishangilia. Mimi nilikufa ganzi. Akiingia naye ndani hakuna hori, hakuna wachungaji, mchezo umeisha. Baba Mdogo, mtu wa maneno yote yale, mdomo wazi. Aliyetuokoa ni Dani, ambaye hakutakiwa kutokea kwa dakika kumi zaidi. Akatoka na beseni lake.

"Huko ndani kuna watoto na moshi," akamwambia yule mama, kama jirani yake wa miaka yote. "Ng'ombe wanalala upande gani? Penye ng'ombe pana joto, na hakuna paa la mkwe. Na huyu mwanamume aje, kuna maji ya kuchemsha."

Mama wa mwavuli alifikiri. "Hapo sawa," akasema, na hakurudi kwenye benchi. Alibaki jukwaani mpaka mwisho, ameshika leso ya pili. Mtoto alipolia (ni sauti ya mchungaji wa tatu nyuma ya ukuta, ana kipaji), yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, akaitikiwa na ua mzima.

Nyota ilikuja kwa wakati wake. Doa likapanda ukutani, likatetemeka, likakaa. Ubani ukafuka. Mamajusi wetu wawili walikuwa ndio kwanza wanapiga magoti wakati wingu lilipofika kutoka upande wa ziwa, na nyota ikazimika. Herode, aliyekuwa ameshamaliza sehemu yake na kukaa kando, akanong'ona, "Angalau waliiona."

Jumatatu, 23 Desemba

Hesabu: tulikusanya 31,250 kwenye kapu na michango, tulitumia 29,900. Arbuni ya ukumbi bado. Chai ya kumaliza tulinywa jana kwa Mariamu, kati ya cherehani mbili na rundo la sare za shule.

Baba Mdogo analalamika kwamba wapangaji wake sasa wakiletewa notisi ya kodi wanamkaribisha ndani, wanamwekea kiti, wanampa chai. Mara mbili ameondoka bila kusema lililompeleka. Anataka mwaka ujao apewe nafasi ya mtu mbaya kabisa.

Yusufu hakuja kwenye chai. Alimtuma mkewe na ujumbe kwamba amepata mabati 14 kwa fundi mwenzake, ya kutumika lakini mazima, na lori la kwenda upande wa kwao linatoka alfajiri. Mke mwenyewe anabaki hapa mpaka aitwe. Alikula mandazi matatu, akamwomba Dani aeleze upya habari ya uji.

Kioo nimekirudisha kwa kinyozi leo asubuhi. Alikigeuza pande zote mbili akitafuta mikwaruzo, akaniuliza kama nyota ilionekana. Nikamwambia ilionekana, kama dakika mbili hivi, halafu wingu. Akakitundika kwenye msumari wake, akakinyoosha kwa kidole, akamwita mteja aliyekuwa akingoja.